Nukta Zilizopanda Juu ya Mstari

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mwenye nyumba amepaka ngazi rangi bila kutuambia na sasa viatu vyangu vyote ni vya kijani. Baba ameniandikia. Ukurasa mzima ni goti lake, mistari miwili ni Mama, na mwishoni kabisa analalamika kwamba ulimpita sokoni ana kwa ana usimsalimie. Amenuna kweli. Mlikosana lini tena?

Karatasi za vipimo vya maji kutoka mtamboni kwenu zimefika zote arobaini na mbili, hakuna iliyolowa. Nimekaa siku nne nikiziingiza kwenye kompyuta: saa, kiasi cha klorini, na sahihi ya aliyesoma, wewe au mwenzako wa zamu mnayemwita Taratibu. Lakini mbona mwandiko wako umenenepa hivi? Zamani ulikuwa unabania karatasi kama inauzwa kwa neno. Siku hizi saba yako moja inalala mistari miwili.

Sasa kazi. Klorini mnayotia kwenye tangi inapungua kadiri maji yanavyokaa, na mimi natafuta kanuni ya upungufu huo, ili ijulikane inabaki kiasi gani maji yakifika bomba la mwisho, lile la uani kwa zahanati. Niliipa programu ya takwimu maagizo yangu, ikapitisha mstari wa mpindo katikati ya namba zenu. Ulipita vizuri mno, karibu ugonge kila nukta. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikambebea msimamizi wangu ile picha mbio mbio. Akaitazama, akaniuliza, "Mabaki umechora?"

Sikuwa nimechora. Mabaki ni hivi: unachukua kilichopimwa, unatoa kile ambacho mstari ulitabiri, kinachosalia unakichora peke yake. Mstari ukiwa mkweli, nukta hutawanyika ovyo juu na chini ya sifuri. Zikijipanga, basi kuna jambo ambalo mstari haulijui. Zangu zimejipanga, Shangazi. Mwanzoni zimetulia, lakini kuanzia saa ya thelathini tangu klorini itiwe, nyingi zinapanda juu ya sifuri na kukaa huko. Yaani mwishoni mnapima klorini nyingi kuliko inavyopaswa kuwepo.

Nahisi inapungua kwa hatua mbili, ya haraka kisha ya polepole. Nikilithibitisha hilo, tasnifu yangu itakuwa na kitu kipya. Niombee.

Mwanao, Mama Maswali


26 Februari

Mama Maswali,

Marahaba mwanangu. Mimi ni mzima wa afya, wa kutosha kuwachosha watu kazini. Baba yako mwambie aache utoto. Nilikuwa nawaza mambo yangu, sikumwona. Tangu tukiwa wadogo mtu asipomsalimia mara mbili anadhani amefukuzwa ukoo.

Mwandiko wangu uache ulivyo. Nimefikisha miaka hamsini na saba, nina haki ya kutumia karatasi ninavyotaka.

Habari ya mabaki nimeielewa vizuri kuliko ulivyoieleza. Kwangu mabaki ni wali wa jana, lakini na wewe una yako. Nilipowasimulia kazini hiyo hadithi ya hatua mbili, mhandisi mkuu alifurahi hadi akaninunulia soda, mtu ambaye hajawahi kuninunulia hata njugu. Anasema kama klorini inadumu namna hiyo, basi tunatia nyingi bure, na anaweza kuipunguza tangini kuanzia mwezi wa saba. Anasubiri ripoti yako tu. Kwa hiyo usichelewe. Nimewaambia watu wote hapa kwamba huyo ni mtoto wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa.

Umeuliza pembeni mwa karatasi kama vipimo vya saa za mwisho ni vya kuaminika. Miaka ishirini na sita natia kidonge kwenye maji, yanageuka waridi, nayalinganisha na vioo vya rangi, naandika namba. Nasoma chupa sita kabla Taratibu hajamaliza kuvaa glavu. Ukiona namba ya ajabu, anza na yeye. Huyo husogeza chupa dirishani, akairudisha, akaisogeza tena, kama anachagua kitambaa cha harusi.

Kula vizuri. Usiishi kwa chai.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Chai nimepunguza. Mama ameniambia Baba ameanza kutembea na fimbo na amekataa kuiita fimbo, anaiita "kile kijiti". Ukoo wenu mna shida gani na kukubali mambo?

Nimejaribu kanuni ya hatua mbili. Inakaa barabara. Msimamizi wangu safari hii alitabasamu, jambo ambalo wanafunzi wenzangu wamelijadili wiki nzima. Angetaka niiandike hivyo hivyo.

Mimi ndiye sijaridhika. Nilirudi nyuma nikayachora mabaki ya ule mstari wa kwanza kwa njia nyingine, kila nukta kwa rangi ya msomaji wake. Nimekuchapishia picha, iko ndani ya bahasha hii. Sitakueleza kitu. Naomba uitazame vizuri mchana, uniambie unaona nini kuhusu hizo rangi mbili.

Halafu nina swali dogo. Je, kwenye karatasi mnaandika namba palepale mnapoiona, au huwa mnajaza baadaye?

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mapazia yangu nimeyapeleka kwa fundi cherehani mjini, nimechoka kushona. Baba yako nilimfuata nyumbani kwake nikamsalimia mara nne mfululizo ili aridhike. Bado amenuna, anasema namkejeli.

Picha nimeipata. Nimeitazama mchana kama ulivyoagiza, mlangoni penye mwanga. Nimeona nukta zimejaa, nyingine juu ya mstari, nyingine chini. Kuhusu rangi, mwenye mashine amekudanganya. Zote ni rangi moja, kama ya udongo uliokauka. Umkaripie, wino ulimwishia.

Na swali lako dogo silo dogo. Unaniuliza mimi kama najaza baadaye? Mimi niliyekubeba mgongoni nikienda zamu mama yako alipolazwa? Sijawahi kubuni namba. Muulize Taratibu wako, kwa kuwa naona siku hizi ndiye shahidi.

Sina la kuongeza.

Shangazi


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Wino haukuisha. Nina nakala ya picha ile mbele yangu. Nukta zako ni za waridi hafifu na za Taratibu ni za rangi ya chungwa iliyopauka. Nilimpa jirani yangu aitazame, kisha mwenye nyumba, kisha mtoto wa dukani ambaye hajui hata kusoma. Wote waliona rangi mbili.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini ngazini. Nisamehe. Kwa wiki tatu nilidhani unachoka kazini na unajaza namba ili zamu iishe. Sikuthubutu kukuandikia hivyo, nikakutumia picha nikijificha nyuma yake. Nilikuwa mwoga, tena nilikukosea.

Sasa nitasema bila kuzunguka. Hadi mwezi wa nane mwaka jana nukta zako na za Taratibu zimechanganyika, hazitenganishiki. Baada ya hapo, saa za mwanzo maji yakiwa yamekolea rangi, mnakubaliana. Saa za mwisho, yakiwa yamepauka, zako zinapanda juu ya sifuri na zake zinashuka chini yake. Hakuna hatua mbili. Nikimwondoa msomaji mmoja, ule mstari wa kwanza unatosha, na unasema klorini inaisha mapema. Vipimo vya Taratibu pale zahanati bado vinafikia kiwango cha chini, sifuri nukta mbili, lakini kwa unywele. Mhandisi akipunguza mwezi wa saba, maji yatafika pale hayana kitu. Pale pana wajawazito, Shangazi. Pana watoto wa siku moja.

Kuna tatizo la macho. Nakuomba uende ukapimwe, na umwambie mhandisi asubiri.

Nakupenda sana.

Mama Maswali


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima umepita. Nimeuliza posta mara tatu. Simu huipokei, na Mama anasema ukienda kwao unazungumzia bei ya sabuni tu.

Msimamizi anataka sura ya hatua mbili mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia sitaiandika, na sikumwambia kwa nini. Ameniona mkaidi. Nimepoteza tabasamu lake.

Barua ya mhandisi nimeshaiandika. Imo kwenye bahasha, stempu nimebandika. Sitaki kuituma. Nataka aisikie kutoka kwako, kwa sababu kazi ile ni yako na jina ni lako. Lakini tarehe 26 nitaituma, hata kama hutaniita mwanao tena.

Mimi


20 Mei

Mama Maswali,

Marahaba. Usishtuke na mwandiko huu mzuri. Mimi nasema, Taratibu anaandika. Tumeanza asubuhi na sasa ni adhuhuri, maana kila neno analipima kama kipande cha dhahabu. (Nimeandika kama alivyosema. Taratibu.)

Nilikasirika. Siku ya kwanza niliikunja barua yako nikaitupa uvunguni. Siku ya pili nikapiga magoti kuitafuta, sikuiona, nikaanza kupapasa sakafuni kwa mkono. Hapo ndipo nilipolia. Uvungu wenyewe una mwanga wa dirisha, na barua ilikuwa pale pale mbele yangu.

Sasa sikiliza. Namba sijabuni, hilo narudia. Lakini maji yalipoanza kupauka mbele ya macho yangu, nilisoma kwa mazoea. Nilijua chupa ya saa ya sitini huwa inasimama wapi, kwa hiyo niliiona pale ninapotaka isimame. Nikisita kati ya vioo viwili, nachukua cha juu, kwa sababu cha juu kinatia moyo. Nilijiambia ni taa, ni vidonge vya mwaka huu, ni uchovu. Kumbe kazi ambayo naringia nilikuwa naifanya nimefumba macho.

Kila mwaka tunapimwa macho. Ubao ule wa herufi haujabadilishwa tangu niajiriwe, naujua wote kwa kichwa, hata mstari wa chini kabisa. Mwaka jana nilimsomea muuguzi haraka mpaka akanisifu.

Unajua ninachoogopa, na usijifanye hujui. Mama yetu, bibi yako, alikaa gizani miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Nilidhani nikinyamaza halitanijia. Na nilidhani nikiambiwa siwezi kusoma chupa, basi sina changu pale mtamboni, mimi ambaye nina miaka mitatu tu nistaafu.

Juzi niliingia ofisini kwa mhandisi. Nikamwomba Taratibu aje nami, kwa sababu ndiye niliyemsema vibaya. Nikaeleza yote, hata ubao. Mhandisi akafuta ile tarehe ya mwezi wa saba kwenye kalenda yake. Meza ya kusomea nimeondolewa. Niko stoo nahesabu makoleo mpaka nilete karatasi ya daktari. Bahasha yako ichane, stempu ubandue.

Daktari wa macho anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kushoto limekomaa. Anasema linaondoka kwa kisu kidogo. La bibi yako lingeondoka pia, wakati ule hatukumpeleka popote, tulidhani ni uzee. Nimepangiwa tarehe 2 Julai. Naogopa kisu, mwanangu. Naogopa sana. Lakini nitakwenda.

Umefanya vizuri. Ungenyamaza ningekulaani nikiwa kaburini. (Hapa alifuta machozi, amenikataza nisiandike. Taratibu.)

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi yangu, malkia wa makoleo,

Shikamoo mara kumi! Msalimie Bwana Taratibu, mwambie mwandiko wake naubandika ukutani. Barua yako niliibusu mbele ya mtu wa posta.

Nimewaeleza Baba na Mama, kama ulivyonipa ruhusa kwenye simu. Baba akasema, "Kumbe sokoni hakuniona," akaenda chumbani kwake. Mama anasema alipotoka alikuwa ameshavaa viatu. Amesema atakupeleka hospitali yeye mwenyewe na kile kijiti chake, na atalala kwenye benchi wakimkatalia kitanda.

Msimamizi nimemwambia ukweli. Akaniomba picha ile ya rangi mbili, akaishika muda mrefu. Kisha akasema amefundisha miaka kumi na tisa, na hajawahi kufikiria kuyachora mabaki kwa jina la msomaji. Tabasamu limerudi, Shangazi, tena na meno.

Lipo jambo moja ninalotaka kulitengeneza. Vipimo vyako vya tangu mwezi wa nane nitaviondoa kabisa. Nitaandika kwamba karatasi kadhaa hazikufaa, basi, sitaeleza zaidi. Hakuna atakayeuliza, na jina lako litabaki safi. Umetumika miaka ishirini na sita, hustahili kukumbukwa kwa miezi sita.

Tarehe 2 nitakuwa nimekaa na simu mkononi.

Mwanao


30 Julai

Mama Maswali,

Marahaba mwanangu. Naandika mwenyewe, na tazama saba zangu zilivyokonda.

Baba yako alilala kwenye benchi kweli. Alikoroma hadi muuguzi akamfunika shuka ili angalau sauti ipungue. Waliponiondolea bandeji ya jicho la kushoto, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa uso wake, na nilimwambia amezeeka. Alicheka mpaka akatoa machozi, akasema huo ndio mwisho wa kununa. La kulia watalifanya mwezi ujao. Ukuta wangu wa sebuleni, kumbe ni mweupe. Mwaka mzima nimekuwa nikimlaumu fundi rangi kwa kunipakia rangi ya maziwa yaliyoungua. Nitamwomba radhi.

Sasa kuhusu kunisafisha jina. Nakukataza. Vipimo vyangu usivitoe hata kimoja. Viweke vyote, na mabaki yake, na ile picha, na chini yake uandike sababu: msomaji alikuwa na mtoto wa jicho, hakusema. Mimi si msomaji wa pekee duniani aliyeujua ubao kwa kichwa. Kuna mtu mahali fulani sasa hivi anachagua kioo cha juu kwa sababu kinamtia moyo, na mtoto wa kaka yake hana kompyuta. Huyo akiiona picha yako, ajijue. Ukiificha miezi sita yangu utakuwa umefanya kile kile nilichofanya mimi, tena wewe unaona vizuri.

Mhandisi amenirudishia meza, kwa sharti ambalo nililipendekeza mwenyewe: kila chupa isomwe na watu wawili, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Taratibu alifurahi, sasa ana sababu rasmi ya kuchelewa.

Jana tulikwenda hadi bomba la mwisho, uani kwa zahanati. Mama mmoja alikuwa anaogesha kichanga kwenye beseni, akatupisha. Taratibu akajaza chupa, nikatia kidonge, nikaitikisa. Mwanangu, niliiona ile rangi ikija. Ni waridi hafifu sana, ndogo kama aibu, lakini ipo, na nilikuwa nimesahau kwamba hafifu nayo ni rangi. Sikukisia. Nilisogeza chupa kwenye mwanga, nikairudisha, nikaisogeza tena, na Taratibu akanisubiri. Niliandika. Akachukua chupa, akaandika. Tukageuziana karatasi.

Yangu ilisema sifuri nukta mbili. Yake ilisema sifuri nukta mbili.

Shangazi yako